Nilieleza Maslow bila kosa, mbona nimepewa alama 8 kati ya 25?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtumishi wa halmashauri mkoani Lindi na ninasoma shahada ya utawala huku nikiwa kazini. Katika mtihani wa menejimenti na tabia za watu kazini tuliulizwa hivi: "Kiwanda kimoja cha korosho huwalipa wabanguaji wake kwa kilo. Mwezi Novemba meneja alipandisha malipo ya kila kilo. Uzalishaji ulipanda kwa wiki tatu, kisha ukarudi ulipokuwa, na ikaonekana kwamba wabanguaji wanaokaa meza moja humaliza siku wakiwa na kilo zinazokaribiana sana. Mwaka uliotangulia malipo yalipandishwa vivyo hivyo, yakashushwa mara tu wafanyakazi walipozidisha uzalishaji. Kwa kutumia nadharia mbili, eleza kilichotokea na umshauri meneja." Niliandika kurasa tatu. Nilichora piramidi ya mahitaji ya binadamu ya Maslow, nikaeleza ngazi zote tano, nikamalizia na Herzberg, kwamba fedha haimpi mtu motisha. Nimepewa alama 8 kati ya 25, ingawa nilichoandika hakina kosa hata moja. Je, mitihani hii inapima nini hasa, na nijipime vipi kabla ya mtihani wa marudio, ambao utakuwa na maswali ya kuchagua jibu pia?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa kulinakili swali neno kwa neno, kwa sababu wengi wanaonilalamikia juu ya alama hunisimulia walichojibu bila kunionyesha walichoulizwa. Nimelisoma mara mbili na ninaona kwamba mtahini wako hakukuonea. Swali liliuliza kwa nini uzalishaji ulirudi ulipokuwa, nawe ukajibu kwamba Maslow alisema nini. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili hakuna aliyeliuliza.

Mwongozo wa usahihishaji wa swali la kisa kwa kawaida hutenga sehemu ndogo ya alama kwa kuitaja nadharia na kuieleza kwa usahihi, kisha sehemu kubwa zaidi hugawanywa kati ya kuihusisha nadharia hiyo na mambo yaliyomo ndani ya kisa na kutoa ushauri unaotokana nayo. Kwa hiyo alama zako 8 huenda ni karibu zote zilizokuwapo katika fungu la maelezo, na kurasa mbili ulizoongeza ziliingia katika fungu lililokwisha kujaa. Nadharia ni dai kwamba watu wakiwekwa katika hali fulani watatenda hivi wala hawatatenda vile, na anayeijua ni yule anayeweza kukuambia, kabla hajaonyeshwa matokeo, ni tukio gani likitokea nadharia hiyo itaaibika. Hicho ndicho kinachopimwa, na hakipimiki kwa kuhesabu ngazi.

Kuna sentensi yako moja ambayo siwezi kuipita kimya, ile isemayo kwamba ulichoandika hakina kosa. Piramidi uliyoichora haimo katika makala ya Abraham Maslow ya mwaka 1943. Aliorodhesha makundi matano ya mahitaji na akaeleza namna yanavyopangana kwa nguvu, lakini mchoro wa pembe tatu uliletwa baadaye na waandishi wa mambo ya menejimenti, na mmoja wa mifano ya mwanzo inayojulikana ni wa mwaka 1960. Nisingelitaja jambo hili kama lingekuwa la historia tu. Tatizo ni kwamba ile mistari mlalo inayokata piramidi humfanya mwanafunzi aamini kwamba mtu hawezi kugusa ngazi ya juu mpaka ya chini ijae pomoni, na Maslow mwenyewe aliikataa tafsiri hiyo katika makala ileile. Alitoa mfano wa kukadiria wa mtu wa kawaida ambaye ametoshelezwa asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika kujiheshimu na 10 katika kuufikia uwezo wake wote, na mahitaji hayo yote yakiwa yanafanya kazi kwa wakati mmoja ndani ya mtu huyo huyo.

Sasa litazame swali lako kwa jicho hilo. Wabanguaji ni watu wa kipato cha chini. Kama ngazi zingekuwa za lazima, fedha ya ziada ingewavuta bila kusita, na yale yanayohusu uhusiano wao na wenzao mezani yangesubiri zamu yake. Kisa kinaonyesha kitu kinachoelekea kuwa kinyume: watu wenye shida ya fedha wanaiacha fedha mezani na kilo zao zinafanana. Mwanafunzi ambaye angeandika kwamba ngazi ya mahitaji, kwa namna inavyofundishwa mara nyingi, inashindwa kukieleza kisa hiki, kisha akaonyesha inashindwa wapi, angepata alama nyingi kwa kumtumia Maslow huyohuyo aliyekupotezea wewe alama. Kuikataa nadharia kwa ushahidi ni njia halali kabisa ya kuitumia, ingawa sijui kwa nini tunawafundisha vijana wetu kana kwamba kila nadharia iliyomo kitabuni lazima itetewe.

Kwa Herzberg ulikaribia zaidi, lakini uliandika kwamba "fedha haimpi mtu motisha", ukaishia hapo. Frederick Herzberg na wenzake wawili walichapisha utafiti wao mwaka 1959, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh nchini Marekani. Waliwaomba wasimulie kipindi walichojisikia vizuri sana kazini na kipindi walichojisikia vibaya sana. Walichokiona ni kwamba visa vya furaha vilijaa mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe, ilhali visa vya kero vilijaa sera za kampuni, usimamizi na mazingira ya kazi. Kundi hili la pili Herzberg aliliita la usafi, kwa maana ya usafi wa afya ya jamii: maji safi humkinga mtu na kipindupindu, lakini hakuna aliyewahi kuwa mwanariadha kwa kunywa maji safi. Mshahara ulitajwa pande zote mbili, ila yeye aliuweka upande wa usafi, kwa hoja kwamba athari yake nzuri haidumu.

Unaona hapo kwamba Herzberg anakupa kitu cha kusema kuhusu wiki tatu. Nyongeza ya malipo ilipunguza kero, kero ilipopungua ari ikapanda kidogo, kisha watu wakaizoea nyongeza na mambo yakarudi. Sentensi hiyo moja ingekuletea alama ambazo ukurasa wako mzima haukuleta. Hata hivyo Herzberg anakwama kwenye jambo la pili lililomo katika kisa. Kama ni ari tu iliyofifia, ingefifia kwa kila mtu kwa kadiri yake, na mwisho wa siku kilo zingetofautiana kama zinavyotofautiana kasi za mikono. Hakuna chochote katika nadharia hii ya Herzberg, iitwayo ya vipengele viwili, kinachosema kwamba watu wa meza moja watafanana. Ukiongeza kwamba ushahidi wake ulitoka kwa wahandisi na wahasibu, ambao hawakuwa wakilipwa kwa kilo, na kwamba mwanasaikolojia Victor Vroom alimkosoa kwa hoja kwamba binadamu hujisifia mema na kuyasukumia mabaya kwa mazingira, utakuwa umeonyesha unaijua nadharia kutoka ndani na kutoka nje.

Wewe unatoka Lindi, kwa hiyo huhitaji nikueleze ubanguaji, lakini mtahini alitaka uione ile meza, nami nadhani hukuiona kwa sababu ulikuwa umeinamia rula. Jaribu kuiona sasa. Korosho imekwisha kuvukizwa na kupoa. Mbanguaji ameipaka mikono majivu au mafuta, kwa kuwa utomvu wa ganda huchoma ngozi. Anaiweka korosho katikati ya visu, anapasua, anakitoa kiini na kukiangalia kama kimetoka kizima, kwa kuwa kilichovunjika kina bei ndogo. Kushoto kwake na kulia kwake wamekaa wenzake, kila mmoja na beseni lake, na jioni mabeseni yote yanapita kwenye mzani mmoja mbele ya macho ya wote. Katika meza kama hiyo lazima yuko mwenye mikono myepesi, yuko aliyeanza kazi wiki iliyopita, na yuko mzee ambaye macho yameanza kumchosha. Halafu kilo zao zinakaribiana sana. Kwa msahihishaji, neno hilo "zinakaribiana" ni kengele, na nina hakika aliyetunga swali aliliweka kwa makusudi.

Kufanana huko kunaweza kuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida kabisa, nayo ni kwamba huenda kila meza inapewa kiasi kilekile cha korosho zilizovukizwa, na zikiisha zimeisha, hata mtu angekuwa na mikono minne. Hapa ndipo Vroom anapoingia kwa mlango wa mbele. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 alisema kwamba nguvu ya mtu kujituma inatokana na mambo matatu: matarajio kwamba juhudi italeta utendaji, imani kwamba utendaji utaleta tuzo, na thamani ambayo mtu huyo anaipa tuzo yenyewe. Mambo hayo matatu yanazidishwa, hayajumlishwi, na tofauti hiyo ndogo ya hesabu ndiyo roho ya nadharia nzima, kwa sababu katika kuzidisha sifuri moja huua kila kitu. Nyongeza ya malipo inagusa thamani tu. Kama mtambo wa kuvukiza hauongezi korosho, kiungo cha kwanza ni sifuri, na meneja anaweza kupandisha malipo mpaka achoke.

Lakini uzalishaji ulipanda kwa wiki tatu, maana yake korosho za ziada zilikuwapo na mikono iliziweza. Kiungo cha kwanza kilikuwa kizima, na thamani ya fedha kwa watu hao haina shaka. Kilichobaki ni kiungo cha kati, imani kwamba kilo zaidi zitaleta kipato zaidi, na kisa kinakuambia waziwazi kilichokivunja: mwaka uliotangulia kilo zilipoongezeka bei ilishushwa. Sentensi hiyo moja ya swali ndiyo ufunguo wa alama karibu zote, na katika kurasa zako tatu, kwa jinsi ulivyozieleza, hukuigusa.

Inafurahisha, angalau kwa sisi tunaoipenda taaluma hii, kwamba jambo hilo lilikwisha kuelezwa na mtu ambaye wanafunzi humtaja kama bepari asiye na huruma. Frederick Taylor, katika kitabu chake cha mwaka 1911, aliandika kwa kirefu kuhusu wafanyakazi wanaojizuia kwa makubaliano, na hakuwalaumu kwa uvivu. Alieleza kwamba mwajiri anayelipa kwa kipande, akigundua kwamba kazi inaweza kwenda haraka, hushusha bei ya kipande, na mfanyakazi akishafanyiwa hivyo mara moja au mbili hujifunza kuificha kasi yake. Watu hukumbuka kisa chake cha wapakiaji wa chuma katika kiwanda cha Bethlehem, waliotoka tani 12.5 kwa siku mpaka tani 47 huku malipo yakipanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85, lakini husahau kwamba sehemu ya hoja yake ilikuwa kwamba bei ikishapangwa kwa vipimo isishushwe tena.

Sababu ya pili inayoweza kuzifananisha kilo ni makubaliano ya meza, na hapa unahitaji majaribio ya Hawthorne, ila siyo sehemu ile ambayo kila mtu anaikariri. Majaribio hayo yalifanyika katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric huko Cicero, karibu na Chicago, kati ya mwaka 1924 na 1932. Sehemu maarufu ni ya mwanga, na ile ya chumba cha wasichana watano waliounganisha swichi za simu, ambao uzalishaji wao ulipanda wakati mapumziko na saa za kazi vikibadilishwa. Wanafunzi huandika kwamba ulipanda kwa sababu walijaliwa. Hawaandiki kwamba wawili kati yao waliondolewa mwanzoni mwa mwaka 1928 kwa sababu ya maongezi na ukaidi, na nafasi zao zikachukuliwa na wengine wawili, jambo ambalo wakosoaji wamelishikia bango kwa miongo kadhaa.

Sehemu inayofaa kisa chako ni ya chumba kingine, ambako wanaume 14 waliangaliwa kati ya mwaka 1931 na 1932 wakiunganisha nyaya. Walilipwa kwa utaratibu wa kundi ambao ulipaswa kumhimiza kila mmoja awasukume wenzake. Badala yake walikuwa na kipimo chao cha kazi ya siku, ambacho menejimenti haikukiweka, na aliyekipita alitaniwa, akapewa majina, na wakati mwingine akapigwa ngumi ya begani kama onyo. Aliyefanya kidogo mno naye alisemwa, na aliyepeleka maneno kwa msimamizi ndiye aliyechukiwa kuliko wote. Mpelekee mbanguaji wa Lindi habari hizo akiwa mezani kwake, nadhani atakuuliza kama hao watu ni jamaa zake.

Mimi ningechagua Vroom na chumba hicho cha Hawthorne, na sababu yangu ya kuchagua ningeiandika kwenye karatasi. Vroom anaeleza kwa nini mtu mmoja mmoja aliacha kujituma. Hawthorne inaeleza kwa nini waliacha pamoja na kwa kiwango kimoja. Kisha ushauri wa nadharia hizo mbili kwa meneja unagongana, na hapo ndipo jibu la kawaida linapotengana na jibu la daraja la kwanza. Mfuasi wa Vroom atamwambia meneja atangaze kwa maandishi kwamba bei ya kilo haitashuka msimu mzima, kisha amtuze mbanguaji bora wa kila mwezi mbele ya wote ili kiungo kati ya kilo na tuzo kionekane. Aliyeisoma Hawthorne atakubali nusu ya kwanza na kuipinga nusu ya pili, kwa sababu mbanguaji atakayeitwa mbele kupokea khanga na bahasha atarudi kukaa kwenye meza ileile, katikati ya watu wanaoamini kwamba kasi yake ndiyo itakayowaponza. Huyo atashauri meneja akae na meza nzima, akiri kilichotokea mwaka uliotangulia, na tuzo iwe ya meza. Ukiuonyesha mgongano huo na ukasema unasimama wapi, msahihishaji hana pa kukunyima.

Utajiuliza kuhusu nadharia ya usawa ya Stacy Adams, ya miaka ya 1960, isemayo kwamba mtu hulinganisha anachotoa na anachopata na vya mwenzake. Inavutia, na wengi wangeikimbilia. Mimi ningeiacha, kwa kuwa kisa hakikutaja mwenzao yeyote wa kulinganishwa naye. Kingesema kwamba wamenyaji wa ngozi au wapangaji wa madaraja hawakuongezwa, hapo sawa. Kuijua nadharia ni pamoja na kujua kwamba leo haina kazi.

Sasa namna ya kujipima. Zoezi la kwanza, na kwangu ndilo linalozidi mengine yote, ni kufunika majina. Andika aya moja ya uchambuzi wa kisa chochote, kisha futa jina la mwananadharia na uweke la mwingine. Kama aya bado inasomeka vizuri, hukuwa umetumia nadharia yoyote, ulikuwa unazungumza tu. Ile sentensi ya "wafanyakazi wakithaminiwa watafanya kazi kwa bidii", ambayo nimeisoma katika maelfu ya karatasi, inakubali jina lolote unaloliweka mbele yake.

Zoezi la pili ni kuandika kwa kila nadharia sentensi moja inayoanza na maneno "Nadharia hii ingeaibika kama...". Kwa Edwin Locke, ambaye alidai kwamba lengo mahususi na gumu linalokubaliwa na mhusika huleta utendaji mkubwa kuliko agizo la "jitahidi uwezavyo", sentensi ni rahisi. Kwa nadharia nyingine utahangaika, na mahangaiko hayo ni habari muhimu kwako, kwa sababu ama hujaielewa nadharia au nadharia yenyewe ni laini mno.

Ukitaka uwanja wa mazoezi, unao ofisini. Watumishi wa umma mlijaza fomu za OPRAS, yaani za kupima utendaji kazi wa mtumishi, tangu mfumo huo ulipoanzishwa mwaka 2004, na wazo lake, la mtumishi na msimamizi kukubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka na kuyapima baadaye, ni jamaa wa karibu wa yale aliyoyaandika mwandishi wa menejimenti Peter Drucker mwaka 1954. Watumishi wengi watakuambia kwamba fomu zilijazwa kwa mkupuo pale mtu alipokaribia kupandishwa daraja. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba hilo linathibitisha kuwa nadharia ya malengo haifai Tanzania. Lakini lengo lililoandikwa baada ya kazi kwisha halikumwongoza mtu yeyote, kwa hiyo nadharia ya Locke haikujaribiwa hapo hata kidogo. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini fomu ilijazwa kwa kuchelewa, na kwa hilo Vroom ana maneno zaidi kuliko Locke.

Jipime pia kwa kuuliza kila nadharia ilizaliwa wapi. Hatua za Bruce Tuckman za namna kundi linavyokua, za mwaka 1965, zilitokana na kupitia maandishi yaliyokwisha kuchapishwa, mengi yakihusu makundi ya tiba ya kisaikolojia, na bado tunazitumia kwa kamati za harusi. Geert Hofstede, mtafiti wa tofauti za utamaduni kazini, alikusanya madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa IBM kati ya mwaka 1967 na 1973, na katika takwimu zake Kenya, Tanzania, Zambia na Ethiopia ziliunganishwa kuwa eneo moja liitwalo Afrika Mashariki. Mwanafunzi anayeandika kwamba "Hofstede aligundua Watanzania wana umbali mkubwa wa madaraka", yaani wanakubali tofauti kubwa ya mamlaka kati ya mkubwa na mdogo, ajue kwamba alama anayoitaja ni ya nchi nne kwa pamoja, na ya watu walioajiriwa na kampuni moja ya kompyuta. Hilo halimwondolei Hofstede heshima yake, ila linabadilisha uzito wa sentensi.

Kuhusu maswali ya kuchagua jibu, usiyadharau, kwani likitungwa vizuri linaweza kukuumbua kuliko insha. Swali la "Nani aliandika Nadharia X na Nadharia Y?" linapima kumbukumbu tu. Lakini uulizwe hivi: msimamizi wa stoo anaamini kuwa watunza stoo wake wataiba wasipolindwa, anawapekua kila jioni, nao baada ya miezi michache wanafanya kazi kwa kutegea, kwa mujibu wa Douglas McGregor, hali hii inaonyesha nini? Jibu moja litasema kwamba watunza stoo ni watu wa aina ya X na msimamizi ni wa aina ya Y. Jingine litasema kwamba msimamizi alikuwa na imani za X kuhusu watu, na huenda mwenendo wake umesaidia kuzaa tabia aliyoitarajia. Aliyekariri huchagua la kwanza kwa kujiamini, kwa kuwa ameshika kwamba X ni wavivu na Y ni wachapakazi. McGregor, mwaka 1960, aliandika juu ya imani za wakubwa. X na Y zimo kichwani mwa anayeongoza.

Sisemi haya kama mtu ambaye hajawahi kukosea upande wa pili wa meza. Miaka mingi iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikifundisha, nilitunga swali la "Eleza kwa kina nadharia ya Maslow na umuhimu wake kwa meneja", nikapata nilichostahili, yaani mafungu ya karatasi zilizofanana kama zimechapwa. Moja tu ilikuwa tofauti. Mwanafunzi huyo aliandika kuhusu mashua ya mjomba wake, ambako mabaharia waliokosa samaki kwa siku kadhaa bado walikataa kwenda na nahodha aliyewatukana, akauliza Maslow anasemaje kuhusu hao. Mwongozo wangu wa usahihishaji haukuwa na nafasi ya jibu hilo, nami nikampa alama za wastani. Bado ninaikumbuka karatasi ile, na zile nyingine zote siikumbuki hata moja.

Kwa hiyo, kabla ya mtihani wa marudio, chukua visa vitano au sita vya mitihani iliyopita, na kwa kila kimoja pigia mstari mambo ambayo yangeweza kuondolewa bila hadithi kuharibika, kama vile kilo kukaribiana au bei kushushwa mwaka uliotangulia. Mtunzi hakuyaweka kwa kupamba. Jiulize ni nadharia ipi inayoyahitaji mambo hayo ili isimame, na ipi inayoyaogopa. Na ukikutana na swali hili la korosho tena, sentensi yako ya kwanza iwe kama hii: "Wabanguaji hawa hawakuishiwa ari, mwaka uliotangulia walijifunza kwamba kilo za ziada hushusha bei ya kilo zote, na kufanana kwa kilo zao kunaashiria kwamba meza nzima inalilinda funzo hilo." Baada ya hapo ndipo umlete Vroom, na nyuma yake wale wanaume 14 wa Hawthorne.